Namna ya Kupima Hulka za Giza kwa Vijana wa Unguja Bila ya Kuwaumiza

Hojaji yenye sentensi 27 humalizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili ndani ya kipindi kimoja, na muda ukabaki. Jibu linalotoka humo laweza kumfuata miaka mingi: kwamba ana kiburi kilichopita kiasi, kwamba ni mtu wa hila, kwamba hana huruma. Anayetaka kupima mambo haya kwa watoto wa Unguja, awe mwanafunzi wa saikolojia, mwalimu wa ushauri nasaha wa skuli au mtafiti aliyekuja na hojaji yake kutoka nje, ana wajibu wa kuijua kazi yenyewe kwanza. Rai yangu ni moja, na hatua zote zilizomo humu zinaisimamia: kipimo kilichotungwa kwa watu wengine hakina haki ya kumhukumu mtoto wa hapa mpaka kijaribiwe hapa, na watoto wa hapa.

1. Jua unachokipima, na unakipima kwa ajili ya nini

Mwaka 2002 wanasaikolojia Delroy Paulhus na Kevin Williams, wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, waliziweka pamoja hulka 3 wakaziita Utatu wa Giza. Ya kwanza ni kujitukuza: mtu kujiona bora kuliko wenzake na kudai sifa wakati wote. Ya pili ni hila, iliyopewa jina la Machiavelli wa Florence. Richard Christie na Florence Geis walikwisha kuiandikia kitabu na kipimo mwaka 1970. Ya tatu ni ukavu wa moyo: kukosa huruma na majuto, pamoja na kutenda kwa pupa bila ya kujali matokeo. Baadaye watafiti wakaongeza ya nne, kufurahia maumivu ya mwenzako.

Hulka hizi si maradhi. Kila mtu anazo kwa kiasi fulani, na ujana wenyewe ni umri wa kujitazama sana. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani hauruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kupewa jina la ugonjwa wa hulka ya kuvunja haki za wengine. Kama daktari hathubutu, mwenye hojaji ya karatasi asithubutu zaidi.

Vipimo vinavyotajwa sana ni viwili. Kimoja ni kifupi, cha sentensi 12, cha Peter Jonason na Gregory Webster (2010). Kingine kina sentensi 27, cha Daniel Jones na Paulhus (2014). Vyote viwili vilijengwa kwa majibu ya watu wazima. Kwa vijana, ni bora kutazama vilivyokusudiwa umri wao: kile cha Uswidi cha mwaka 2002 chenye sentensi 50, au cha Paul Frick cha mwaka 2004 chenye sentensi 24 kinachouliza juu ya ukosefu wa huruma na hisia. Na kama nia yako ni kujua mtoto gani anahitaji msaada, hulka za giza si mahali pa kuanzia. Anza na hojaji ya nguvu na matatizo ya Robert Goodman ya mwaka 1997. Ina maswali 25, imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, na inauliza pia juu ya wema wa mtoto, jambo ambalo vipimo vya giza vinalisahau.

Andika lengo lako kwa sentensi moja kabla ya kugusa hojaji yoyote. Ukishindwa kuiandika, hujafika wakati wa kupima.

2. Anza na maneno ya watu wenyewe

Mwaka 1976 Jane Murphy alionesha katika jarida la Science kwamba Wayoruba wa Nigeria na Wayupik wa Bahari ya Bering wana jina lao la mtu asiyejali wengine na asiyerekebishika. Kwa hivyo jambo lenyewe huenda si geni kwa jamii yoyote. Kinachotofautiana ni mipaka yake: wapi ujanja unaishia na hila inaanzia, wapi kujiamini kunageuka kiburi.

Mipaka hiyo utaipata barazani, si katika jarida. Kaa na kina mama wa mitaa ya Kiponda na Mkunazini. Nenda Nungwi ukazungumze na wavuvi, nenda Makunduchi, zungumza na walimu wa madrasa wanaowaona watoto jioni baada ya skuli. Zungumza na vijana wenyewe pale Forodhani. Usiwaulize "mtoto mbaya yukoje?" Waulize: "Mtoto anayewasumbua wenzake, mara ya mwisho alifanya nini?" Kitendo kina mahali na mashahidi, lakini jina la lawama hupachikwa na yeyote aliyekasirika.

Utasikia jeuri, kibri, mfitini, mchokozi, ana roho mbaya. Na utasikia, tena mapema, hana haya. Haya ndiyo nguzo ya malezi ya Unguja, na vipimo vilivyotoka Kanada na Marekani havina swali hata moja linaloigusa moja kwa moja. Ukitafsiri hojaji yao bila ya kukaa barazani, utakuwa umeiacha nje sifa ambayo mzazi wa hapa huitazama kwanza.

Afrika Kusini walifanya hivi kwa upana. Watafiti waliwahoji zaidi ya watu 1,200 kwa lugha zote 11 zilizokuwa rasmi wakati huo, wakawataka wawaeleze watu wanaowafahamu, kisha wakajenga kipimo cha hulka kutokana na maneno hayo. Sehemu kubwa ya waliyoyapata ilihusu namna mtu anavyoishi na wenzake. Kazi ya ukubwa huo huiwezi peke yako, lakini mazungumzo thelathini yaliyoandikwa vizuri unaweza.

3. Andika sentensi ambazo mtoto atazielewa

Miongozo ya Tume ya Kimataifa ya Vipimo, iliyotolewa upya mwaka 2017, inataka tafsiri ifanywe na watu zaidi ya mmoja wanaoijua lugha, utamaduni na mada. Kwa Unguja, mtafute mmoja aliyekulia Mjini na mwingine aliyekulia shamba. Kiswahili cha Mji Mkongwe ndicho kilichozaa Kiswahili sanifu, lakini Makunduchi wana Kikae chao na Tumbatu wana Kitumbatu. Wakae pamoja, wabishane, wakubaliane. Kuirudisha tafsiri katika Kiingereza, njia aliyoieneza Richard Brislin tangu mwaka 1970, kunasaidia kunasa makosa ya wazi, lakini hakukuoneshi alichokielewa mtoto.

Tazama mifano mitatu niliyoitunga.

"Nawatumia wenzangu kupata ninachotaka." Makusudio ni kumfanya mtu chombo. Lakini kijana mwenye simu anawatumia wenzake ujumbe, anamtumia nduguye fedha. Sentensi hii ataikubali kwa moyo mweupe. Iandike hivi: "Nimejifanya rafiki wa mtu ili anipe kitu, kisha nikamwacha."

"Wengine wanapaswa kuniheshimu." Nani Unguja atakataa? Heshima ni haki ya kila mtu, na mtoto aliyelelewa vizuri atakubali mbio. Ukitaka kupima kujitukuza, uliza: "Mwenzangu akisifiwa na mwalimu, nafanya jambo ili nisifiwe mimi."

"Sioneshi hisia zangu mbele ya watu." Mtoto wa kike aliyefunzwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, na wa kiume aliyeambiwa mwanamme halii, wote watasema kweli wakikubali. Utakuwa umepima adabu ukaiita ukavu wa moyo. Hata huko Ulaya na Marekani, sehemu hii ya kipimo cha Frick imeonekana dhaifu kuliko nyingine. Uliza kitendo kwa aliye mnyonge: "Mtoto mdogo akianguka akalia, naendelea na mchezo wangu."

Jihadhari pia na neno ujanja. Watoto wetu wamelelewa na ngano za Sungura na visa vya Abunuwasi, ambamo mwenye akili anamshinda mwenye nguvu na sote tunamshangilia. Ukimwuliza kijana kama yeye ni mjanja, atakujibu kwa fahari. Taja madhara: nani aliumia, nani alipoteza nini.

Ondoa sentensi za kukanusha. Mwaka 2005 David Schmitt na Jüri Allik walichapisha matokeo ya kipimo cha kujithamini kutoka mataifa 53, Tanzania ikiwemo, na wakaona kwamba sentensi za kukanusha hazijibiwi namna moja kila mahali. Kwa Kiswahili sababu ni wazi. Mwulize mtu, "Huna kalamu?" Atajibu, "Ndiyo, sina." Sasa mpe mtoto karatasi yenye "Sijutii ninapomkosea mtu" na visanduku vya nakubali na sikubali. Wapo watakaotia alama wakimaanisha kinyume, na hutajua ni nani.

4. Kaa na mtoto mmoja mmoja kabla ya kukaa na darasa

Hatua hii ndiyo wengi wanayoiruka, na ndiyo inayookoa kazi nzima. Chukua vijana kumi au kumi na tano, wa kike na wa kiume, wa Mjini na wa shamba, wenye kusoma vizuri na wenye kusoma kwa tabu. Msomee kila mmoja sentensi moja, kisha mwambie: "Nieleze kwa maneno yako umeelewa nini. Nipe mfano wa jambo kama hilo." Usimsahihishe. Andika anachosema kama anavyokisema.

Akinyamaza muda mrefu, sentensi ni ngumu. Akitoa mfano wa jambo jingine, sentensi ina njia mbili. Akicheka na kutazama mlangoni, umegusa kitu ambacho hataki kisikike, na mahali ulipokaa hapana faragha. Sentensi iliyowapotosha watatu kati ya kumi ibadilishe, ukajaribu tena kwa watoto wengine. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kilichochapishwa mwaka 2008 kwa kutumia vitu na shughuli ambazo watoto wa pale wanazijua. Mfano mzuri wa kufuata hauko mbali.

Kisha tazama majibu unayowapa. Ngazi tano kutoka "sikubali kabisa" hadi "nakubali sana" huchosha, na kijana mwenye adabu hukubali tu ili asimvunjie heshima mkubwa. Tumia mara ngapi: "Mwezi uliopita: hata siku moja, mara moja au mbili, mara nyingi." Anza na swali la mazoezi lisilo na lawama, kama vile mara ngapi amekula urojo mwezi huo, mpaka uone kila mmoja ameshika namna ya kujibu.

5. Tengeneza mahali pa kusema kweli

Mtoto akimwona mwalimu wake mbele ya darasa, hujibu kama mwanafunzi anayefanya mtihani wa tabia. Mwalimu atoke, tena kwa heshima na kwa makubaliano ya mapema. Karatasi zisiwe na majina, ila namba tu, na orodha ya kuunganisha namba na majina ikae kwako peke yako. Wekeni sanduku lililofungwa mlangoni, kila mmoja atie yake mwenyewe. Asiyesoma vizuri asomewe pembeni. Wasichana wahojiwe na mwanamke. Usifanye kazi hii ndani ya Ramadhani, wala wiki ya mitihani: mwenendo wa watu na majibu yao hubadilika nyakati hizo, na hutaweza kuyalinganisha na miezi mingine.

Majumbani ni vigumu zaidi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina ua wa ndani unaosikika kila ghorofa, na mgeni akiingia bibi, shangazi na watoto wa jirani wote hupata habari. Tafuteni darasa tupu au kivuli cha mti kilicho wazi: muonekane na watu, msisikike.

Usimtegemee mtoto peke yake. Mama, mwalimu wa skuli na mwalimu wa madrasa wanamwona mtu yule yule katika saa tofauti. Kijana aliye mkorofi skuli na mpole madrasa ana jambo skuli. Majibu yasipolingana, usiyachanganye upate wastani. Kaa uulize kwa nini.

Na uulize juu ya maisha anayoyaishi. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, Zanzibar ikiwemo, uliowahoji watu wa miaka 13 hadi 24. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 409 wa skuli ya msingi Tanzania Bara: asilimia 95 walisema walikwisha kupigwa na mwalimu, na kipigo cha wazazi au walezi kiliandamana na ugomvi na ukorofi wa watoto. Franziska Fay, katika kitabu chake cha mwaka 2021 kuhusu skuli za Zanzibar, ameonesha jinsi adhabu, malezi na dini vinavyofungamana hapa kiasi kwamba kampeni za kulinda watoto zisizosikiliza wenyeji hugonga ukuta. Kwa mpimaji somo ni hili: ugumu wa moyo unaouona kwa kijana huenda ni ngozi aliyojivika ili avumilie. Hojaji isiyouliza juu ya kipigo itamlaumu aliyepigwa.

6. Ruhusa, na mlango wa msaada

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Idhini ya mzazi ni lazima, na ridhaa ya mtoto mwenyewe ni lazima vilevile. Mwambie kwa maneno mepesi kwamba anaweza kukataa, au kuacha katikati, bila ya kuulizwa. Pata kibali cha maadili cha utafiti na ruhusa ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, kisha ujitambulishe kwa sheha wa shehia. Sheha asipokujua, wazazi hawatakuamini, na wana haki.

Kabla ya siku ya kwanza, jua utafanya nini mtoto akikwambia anaumizwa. Kituo cha Mkono kwa Mkono kipo Hospitali ya Mnazi Mmoja. Maofisa wa ustawi wa jamii wapo. Hospitali ya Kidongo Chekundu inashughulikia afya ya akili. Zungumza nao mapema, uwe na jina la mtu wa kumpigia simu. Asiye na mlango wa kumpeleka mtoto asimfungue moyo wake.

7. Hesabu zinazotakiwa kabla ya kulinganisha

Ukisha kukusanya majibu, angalia kwanza kama sentensi za hulka moja zinakwenda pamoja. Kisha angalia kama mpangilio wa hulka 3 unaonekana kweli katika majibu yako. Usishangae usipoonekana. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walipima hulka 5 kuu zinazofundishwa vyuoni kwa watu wa Tsimane wa Bolivia, na mpangilio ule haukujitokeza. Joseph Henrich na wenzake walikumbusha mwaka 2010 kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makuu ya saikolojia walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia.

Ukitaka kulinganisha wasichana na wavulana, Mjini na Kusini, au Unguja na vijana wenye asili ya Zanzibar waliozaliwa Muscat au London, kuna ngazi tatu za kupanda. Ya kwanza: je, sentensi zinajipanga namna moja katika makundi yote? Ya pili: je, kila sentensi ina uzito ule ule kwa hulka yake? Ya tatu: je, vijana wawili wenye kiasi sawa cha hulka, mmoja wa huku na mmoja wa kule, watatoa jibu sawa? Kawaida inayofuatwa na wengi, ya Gordon Cheung na Roger Rensvold (2002), ni kwamba alama ya jinsi mpangilio unavyolingana na majibu isishuke zaidi ya 0.01 kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Jitahidi kila kundi liwe na vijana mia mbili au zaidi.

Ngazi ya tatu ikikushinda, usilinganishe wastani. Ukifanya hivyo utakuwa kama muuza mchele anayepima kwa pishi mbili zisizolingana, kisha akatangaza kwamba mteja mmoja ana mchele mwingi. Unaweza bado kueleza uhusiano wa mambo ndani ya kila kundi, na hilo lina faida kubwa.

Kumbuka pia kwamba kila mtu hujilinganisha na walio karibu naye, jambo ambalo Steven Heine na wenzake walilieleza mwaka 2002. Kijana aliyezungukwa na wenzake wapole atajiona mkali kwa kosa dogo. Aliyekulia penye ukali atajiona wa kawaida. Alama zao zaweza kuwa sawa na maisha yao yasiwe sawa hata kidogo.

8. Kurudisha matokeo

Rudi skuli na kwa wazazi ukaeleze ulichokipata kwa kundi zima. Usitoe alama za mtoto mmoja kwa mwalimu, sheha wala mzazi. Usitumie maneno ya giza mbele yao. Sema "wanafunzi wengi wanasema huwacheka wenzao wanaoshindwa", na mtazungumza la kufanya. Usipange skuli kwa mbaya na nzuri. Hifadhi karatasi mahali pa kufungwa na uharibu ile orodha ya namba na majina mara tu isipohitajika.

Ninawaomba walimu na wakuu wa skuli: akija mtu na hojaji ya hulka, mwulizeni imejaribiwa kwa watoto gani, lini, na kwa Kiswahili cha wapi. Akishindwa kujibu, mrudisheni akajiandae. Na nyinyi wanafunzi wa saikolojia wa Zanzibar, msingoje mtu wa mbali aje kutuandikia maswali juu ya watoto wetu. Lugha mnayo, watoto mnawajua, na njia ndiyo hii. Anzeni.